Marehemu wa Sura ya Tisa

Dada Mkubwa alijua kwamba amekufa siku ya Jumamosi, akiwa anaanika shuka. Habari aliletewa na jirani wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu, mwanamke ambaye hata kwenye misiba ya kweli hulia kwa kipimo. Siku hiyo alikuja macho mekundu kama pilipili, kitabu amekibana kwapani, akasimama upande wa pili wa kamba ya nguo.

"Vipi, mwalimu? Nani tena?" aliuliza Dada Mkubwa huku akibana shuka kwa kibanio.

"Wewe," alisema mwalimu.

"Mimi nimefanya nini?"

"Umekufa. Nimelia mpaka miwani imeingia ukungu."

Kitabu chenyewe kilikuwa *Machozi ya Unyayo*, riwaya ya mdogo wake Dada Mkubwa, ambayo wakati huo ilikuwa imezagaa mji mzima, maofisini, saluni, hata kwenye mabenchi ya kungojea daktari. Dada Mkubwa aliijua riwaya hiyo vizuri. Macho yake yalikuwa yameanza kumkataa, kwa hiyo mdogo wake alikuwa akimsomea sura moja kila baada ya chakula cha mchana. Alipofika ya tisa alikohoa, akafunga kitabu, akasema sura zilizobaki bado ziko kiwandani. Kitabu kimeshachapwa, kina jalada, kina picha ya mwandishi ameshika shavu, halafu sura ziko kiwandani! Na Dada Mkubwa, ambaye hadanganyiki hata na muuza nyanya, akakubali. Mapenzi ya ndugu humfanya mtu mzima ameze upuuzi bila maji.

Mwalimu alimsomea palepale kwenye kamba, shuka zikiwapepea. Katika sura ya tisa, msichana anayefanya kazi duka la viatu anapata kidonda unyayoni, kidonda kinaoza, homa inampanda, naye anakata roho sakafuni palepale dukani, mikononi mwa mdogo wake. Kabla ya kukata roho anasema maneno mengi, yote yamepangika, mengine yana vina.

"Nilisema hayo yote?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Ulisema."

"Na homa hiyo?"

"Ndiyo maana nililia," alisema mwalimu, akaanza tena.

Mji wote ulimwita huyo mdogo Mwandishi. Dada Mkubwa alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao, na kwa kuwa alimbeba mgongoni kabla dunia haijajua kwamba ataandika. Waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba vitatu, mmoja mjane, mwingine amejitangaza tangu ujana kwamba ameolewa na taipureta. Kila asubuhi Mwandishi, pamoja na umaarufu wake wote, alipiga magoti mbele ya kiti cha jikoni kumvisha dada yake viatu, maana magoti ya Dada Mkubwa yalikuwa yamegoma kukunjika. Kuvua aliweza mwenyewe, kwa kusukuma kisigino kwa kisigino. Kuvaa ndiko kulikomshinda. "Dada, leta mguu," husema Mwandishi. "Mguu ndio huu, mama," hujibu mwenye mguu. Hata siku walizonuniana maneno hayo hayakukosa.

Basi Jumamosi hiyo Mwandishi aliporudi kutoka mjini alimkuta dada yake amelala chali kwenye kochi la sebuleni, mikono kifuani, macho kayafumba, shuka nyeupe imemfunika mpaka shingoni.

"Dada! Unaumwa?"

"Maiti haumwi," ilisema shuka. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kaa chini nikusimulie."

Mwandishi akakiona kitabu cha mwalimu mezani, kimefunuliwa sura ya tisa, akakaa.

"Dada, riwaya si ripoti ya polisi. Ndani ya riwaya mtu anaweza kufa na..."

"Na jalada? Jalada limeandikwa nini?"

Jalada liliandikwa 'Kisa cha kweli', kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya barabara.

"Na ukurasa wa kwanza?"

Ukurasa wa kwanza uliandikwa hivi: *Kwa kumbukumbu ya dada yangu mpendwa, ambaye hakuwahi kuuona uhuru.*

"Uhuru niliuona," alisema Dada Mkubwa, akiwa bado kafumba macho. "Nilikuwa mstari wa mbele kabisa. Nilimkanyaga mtu mguu, akanitukana. Muulize, yuko hai na yeye, kama hujamuua."

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana ukisikia ugomvi wa ndugu bila kujua ulikotoka utadhani wote wawili ni wendawazimu.

Zamani hizo mji ulikuwa wa Wazungu, na watu weusi waliazimwa mji kwa saa za kazi tu. Kulikuwa na benchi la hawa na benchi la wale, bomba la hawa na bomba la wale, na makaburi nayo vivyo hivyo, kana kwamba mtu akishaoza bado ana rangi. Duka kubwa la viatu lilikuwa la Bwana Soli, jina alilopewa na watu ambao hawakuruhusiwa kumwita kwa jina lolote. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele, wakakalia viti vya mahameli, wakavishwa. Mtu mweusi alinunua dirishani, uchochoroni, na hakuruhusiwa kujaribu kiatu, kwa sababu kiatu kikishaingia mguu mweusi, ilisemekana, hakiuziki tena. Alipima mguu wake nyumbani kwa uzi, akaupitisha uzi dirishani, akaletewa chochote kinachokaribiana nao. Kikibana, pole. Kikipwaya, shukuru. Kurudisha hakuna.

Baba yao alinunua kwa uzi huo viatu vya kuendea harusi ya mtoto wa kaka yake. Uzi unajua urefu, haujui upana. Akaenda navyo harusini mkononi, akavivaa mlangoni, akacheza usiku kucha huku anacheka na machozi yanamtoka, na watu wakasema tazama baba mdogo anavyompenda bibi harusi. Kesho yake alikaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kimya. Kitinda, aliyekuwa mtoto wa kufika kiunoni, alisimama akiitazama ile miguu. Mwandishi husema katika kila mahojiano kwamba riwaya yake ilizaliwa ndani ya lile beseni, na kwa hilo hasemi uongo.

Lakini beseni lilikuwa na habari nyingine. Wakati baba yao ameloweka miguu, Dada Mkubwa alirudi kutoka kazini, na kazi yake ilikuwa palepale kwa Bwana Soli.

Viatu vya siku hizo vilikuwa vya ngozi ngumu kama ubao. Mabibi wa Kizungu walilalamika kwamba vinawachubua. Bwana Soli, ambaye hakuwa mjinga, akamwajiri msichana mweusi mwenye mguu wa kiasi, aje alfajiri kabla duka halijafunguliwa, avae viatu vipya na kutembea navyo ndani ya stoo mpaka vilainike. Alimpa soksi nyeupe ili weusi usimwagikie ngozi. Dada Mkubwa alikwenda na kurudi kwenye mbao za stoo, akipanda kreti, akishuka kreti, akichuchumaa ili ngozi ikunjike mahali pake. Halafu soli zilipigwa msasa, kiatu kikapakwa rangi, kikafungwa kwenye karatasi laini. Saa nne bibi anaingia, anavishwa, anafumba macho kwa raha. "Ah! Utadhani nimezaliwa nacho." Na aliyezaliwa nacho yuko nyuma ya ukuta, anafagia.

Naam, fikiria mwenyewe. Sheria nzima ya nchi, polisi wake, mahakimu wake na dirisha lake la uchochoroni, vyote viliwekwa ili Mzungu asivae kiatu kilichoguswa na mguu mweusi. Na mji mzima hapakuwa na bibi wa Kizungu aliyevaa kiatu cha Bwana Soli ambacho mguu mweusi haukukivaa kwanza.

Tena si mguu wowote. Utotoni Dada Mkubwa aliangukiwa na mchi wa kinu, kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kikavunjika, kikaunga kikitazama nje, kama mtu aliyenuniwa na wenzake. Kidole hicho kiliacha kinundu kwenye kila kiatu cha kushoto. Mabibi walipokiona walimuuliza Bwana Soli, naye bila kupepesa macho akasema huo ndio mtindo mpya, wa ng'ambo, unaitwa mkunjo wa malkia. Basi ukawa mtindo. Viatu visivyo na kinundu vikaonekana vya kishamba. Mpaka duka la pili likamwagiza fundi wake achonge kalibu ya kushonea viatu yenye kinundu, mguu wa kushoto tu.

Hayo ndiyo Dada Mkubwa aliyomsimulia baba yake siku ile ya beseni. Alitembea uani akimwigiza mke wa hakimu, makalio nyuma, kidevu juu, mguu wa kushoto ukitangulia kwa kiburi cha mkunjo wa malkia. Baba alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka maji ya chumvi yakamwagika yote. Kitinda naye alicheka mpaka akajikojolea. Siku ile walishindwa kila kitu isipokuwa kicheko, na kicheko hicho alikileta Dada Mkubwa.

Mwandishi aliyaandika yote haya katika muswada wa kwanza, na aliyaandika vizuri. Kisha akaupeleka kwa Mhariri.

Mhariri alikuwa bwana mwenye suti na huzuni. Hakukuwa na siku aliyokosa kimoja kati ya hivyo viwili. Alizaliwa baada ya biashara ya dirisha la uchochoroni kukomeshwa, kwa hiyo aliyaheshimu sana mateso. "Hapa msomaji atacheka," alisema, akigonga kurasa za stoo kwa kalamu. "Hatuwezi kumruhusu acheke. Dhuluma inataka heshima yake." Halafu akasema kidole hakiaminiki. Halafu akasema kila riwaya kubwa ina kifo, na akatazama tena kurasa kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Mwandishi alikuwa amekaa miaka mingi na miswada iliyorudishwa. Alichinja.

"Sikuchukia kufa," Dada Mkubwa alimwambia siku ile ya kochi, na sasa alikuwa ameketi, shuka imemwangukia miguuni. "Kufa tutakufa wote. Lakini umenifanya mjinga, Kitinda. Msichana anayelia kuanzia ukurasa wa kwanza! Mimi nililia lini? Bwana Soli alichukua miguu yangu. Mimi nikabakiwa na kicheko changu. Wewe umekuja na kalamu umenichukulia na hicho."

Mwandishi alitazama sakafu. Alisema ataona la kufanya. Watu wanaosema wataona la kufanya huwa wameshaona, na wameamua kutofanya.

Wiki chache baadaye ikaja habari nyingine. Mjukuu wa Bwana Soli, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole, alikuwa amesoma *Machozi ya Unyayo* akaugua kwa majuto. Duka la babu yake lilikuwa limebaki ghala. Akalipaka rangi, akaliweka rafu, akalifanya maktaba ya watu wote. Ukutani litazinduliwa bamba la shaba kwa kumbukumbu ya msichana aliyefia pale. Mwandishi atahutubia. Mhariri atakuwepo na suti.

"Na mimi nakwenda," alisema Dada Mkubwa.

"Dada, nakuomba."

"Mtu kwenye kumbukumbu yake mwenyewe haendi?"

Ndipo Mwandishi akalia, machozi ya kweli, tofauti na yale ya kitabuni. Akasema ikijulikana kwamba dada yu hai, magazeti yatasema hata dirisha lilikuwa uongo, hata uzi, hata beseni la baba. Wapo watu wengi mjini wanaotamani kusikia kwamba mambo yale hayakutokea. "Nikianguka mimi, Dada, baba naye anaanguka."

Hilo lilimgusa Dada Mkubwa, kwa sababu lilikuwa kweli, na uongo ukishapata ukweli wa kuegemea haung'oki kirahisi. Akafikiri. Asiyekuwepo na lake halipo; lakini akiwepo kwa kelele anamwangusha mtoto aliyembeba mgongoni. Mwishowe wakapatana. Angekwenda, angekaa kimya, na akiulizwa yeye ni nani angejibu kwamba ni jirani.

"Jirani," alirudia Dada Mkubwa, akijaribu neno hilo mdomoni. "Sawa. Hata maiti wana majirani."

Siku ya uzinduzi Mwandishi alimvisha viatu. "Dada, leta mguu." "Mguu ndio huu, mama."

Duka lilikuwa limependeza hata halikutambulika. Viti vya mahameli vilirudishwa, safari hii kwa kila mtu. Dirisha la uchochoroni lilikuwa limewekewa taa ndogo na maua. Stoo alikotembea Dada Mkubwa na soksi nyeupe sasa ilikuwa choo, kisafi, chenye sabuni ya kunukia. Wazee waliwekwa mstari wa mbele, na jirani huyu, kwa kuwa goti halikunji, alipewa kiti cha pembeni kabisa apate kunyoosha mguu. Mbele yake kulikuwa na meza fupi, na juu ya meza kisanduku cha kioo, na ndani ya kioo jozi ya viatu vyeupe vya kike.

Dada Mkubwa alivitazama viatu kama mtu aliyeona picha yake ukutani kwa mtu asiyemjua.

Mwandishi alisimama jukwaani akahutubia. Kwenye kola alibanwa kipaza sauti kidogo, na fundi mitambo alikuwa amemwonyesha namna ya kukizima na kukiwasha kwa kidole. Alisema juu ya uzi, juu ya dirisha, juu ya baba na beseni, na alisema vizuri mpaka watu wazima wakatoa leso. Alipofika kwa dada yake alipunguza sauti. "Dada yangu," alisema, "alikuwa na miguu mizuri." Akakwama hapo. Watu wakadhani ni majonzi. Akakizima kipaza sauti, akakaa.

Akafuata Mjukuu. Alisema anaomba radhi kwa niaba ya ukoo wake, akaomba tena, na alipomaliza kuomba akapumua, uso ukamchangamka, maana mtu hawezi kuishi kwa majuto matupu. Akageukia kisanduku cha kioo.

"Babu yangu alikuwa mtu wa zama zake," alisema. "Lakini jambo moja zuri alituachia. Viatu hivi vilikuwa vya bibi yangu. Tazameni kiatu cha kushoto, huo uvimbe mdogo hapo pembeni. Huo ndio mkunjo wa malkia. Babu aliubuni mwenyewe. Hata leo wabunifu wanakuja kuupiga picha. Na wala havijawahi kuvaliwa na mtu mwingine yeyote ila bibi."

Wageni wakanyoosha shingo. Mtu mmoja akasema, "Sanaa hiyo."

Dada Mkubwa alikuwa ameapa kukaa kimya, na alikaa kimya. Hakutoa hata kikohozi. Alisukuma tu kisigino kwa kisigino mpaka kiatu cha kushoto kikaanguka sakafuni, akavuta soksi kwa ncha ya mkwaju wake wa kutembelea, akainua mguu ulionyooka, akautua juu ya meza fupi, kando ya kioo.

Ulikuwa mguu wa mama mtu mzima, wenye mishipa na ukucha mmoja mgumu. Lakini kidole cha mwisho kilitazama nje vilevile, na kilipokuwa karibu na kiatu cheupe hapakuhitajika mtu wa kueleza. Kinundu huku, kidole huku.

Bibi mmoja wa Kizungu, mzee kuliko wote, mwenye kofia, aliinama kutoka kiti cha pili akatazama mguu, akatazama kiatu, akatazama tena mguu.

"Mama yangu alikuwa anajaza pamba pale," alisema polepole. "Katika kila kiatu. Alituambia mguu wa kistaarabu ndivyo unavyopaswa kuwa, na kwamba wa kwake haukujaliwa tu."

"Pole yake," alisema Dada Mkubwa. "Nilipovaa mimi hakukuhitajika pamba."

Mjukuu alikuwa amepauka. "Samahani, mama," alisema. "Wewe ni nani?"

Dada Mkubwa alitazama jukwaani, kwa Kitinda wake, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Ahadi ni deni.

"Mimi?" alisema. "Mimi ni jirani."

Hapo ndipo Mhariri alipoinuka. Watu wa aina hii huwa hawakosi la kusema, hata nyumba ikiwaka watasifu mwanga. Akapiga makofi mara mbili kuwaamsha watu. "Ndugu zangu!" alisema. "Mnaona uwezo wa fasihi? Mama huyu, jirani wa kawaida kabisa, ameguswa na riwaya mpaka akauazima mguu wake kwa marehemu! Mguu huu ni ishara. Ni miguu ya wote waliokufa wasiseme!"

Watu wakashusha pumzi. Bila shaka, ni ishara! Mtu aliyefariki kwa heshima katika sura ya tisa hawezi kukaa pembeni akivuta soksi kwa mkwaju. Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mama mmoja mwenye leso alikuja akaushika mkono wa Dada Mkubwa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Pole sana kwa kufiwa," na Dada Mkubwa, ambaye alikuwa mwenye adabu, akasema asante. Walimpigia makofi, na kadiri walivyopiga ndivyo alivyozidi kufa.

Na mguu ulikuwa bado juu ya meza. Kiatu kilikuwa sakafuni, na yeye kuvaa hawezi. Makofi yalipungua. Mjukuu akapiga hatua, kwa huruma yake yote, akainama kuokota kiatu.

"Acha, mwanangu," alisema Dada Mkubwa. "Mguu huu una mtu wake." Sauti yake, iliyomtania kila mtu maisha yake yote, ilikwaruza. Ilimuuma. Alikuwa mama mzee, mguu wazi mbele ya umati, akingoja kuonekana kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

Mwandishi akaondoka kitini. Mhariri alimgusa kiwiko, naye akampita. Akashuka ngazi, akapita mbele ya mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amejiziba mdomo kwa *Machozi ya Unyayo*, akafika kwenye meza fupi, akapiga magoti na gauni lake la sherehe. Akaokota soksi, akaikung'uta. Akaokota kiatu.

Kesho yake magazeti yaliandika kwamba ulimi uliteleza. Mhariri alipiga simu kusema kwamba ulimi ulioteleza unaweza kuelezwa, kuna namna. Fundi mitambo alilaumiwa. Wote hao walikuwa wamekaa mbali, au wamesimama nyuma ya mgongo wake. Dada Mkubwa peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama kutoka juu, kama kila asubuhi, na aliona mkono wa Kitinda ukiinuka kama unaoweka kola sawa, na kidole gumba kikibonyeza kipaza sauti.

"Dada," ilisema sauti kutoka kila pembe ya duka la Bwana Soli, "leta mguu."

Dada Mkubwa alimtazama vizuri mtoto huyu, na jalada lake, na miaka yake ya miswada iliyorudishwa, na yote ambayo kidole kimoja kilikuwa kimeyatupa sasa hivi. Akainama mpaka mdomo ukakaribia kola.

"Mguu ndio huu, mama," alisema, na spika zikairudisha sauti yake. Kisha akacheka, kile kicheko cha uani kilichomwaga maji ya beseni, na marehemu akasikika kila mahali, mpaka chooni, mpaka nje ya dirisha la uchochoroni, ambako watu waliokuwa wakipita njia walisimama wakaulizana ndani kuna harusi ya nani.